Umiliki mtandaoni: Nakala zisizokwisha, uhaba wa kubuniwa na ujira wa msanii

MWEZI wa Julai 2009, wasomaji kadhaa nchini Marekani waliwasha vifaa vyao vya kusomea vitabu vya kidijitali, Kindle, na kugundua kwamba vitabu viwili walivyokuwa wamevilipia vimetoweka. Aliyevifuta hakuwa mwizi wala mdukuzi. Ilikuwa ni Amazon, kampuni iyo hiyo iliyowauzia, ambayo ilivifuta ikiwa mbali kupitia mtandao baada ya kubaini kwamba aliyeviweka katika duka lake hakuwa na hakimiliki. Wanunuzi walirejeshewa pesa zao.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya mwandishi Mwingereza George Orwell: 1984 na Animal Farm. Hicho cha pili wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina Shamba la Wanyama, kutokana na tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Kinaya cha tukio hilo hakikufichika, kwani kazi ya mhusika mkuu wa 1984 ni kufuta na kuandika upya rekodi za kale kwa amri ya watawala. Mwanafunzi mmoja wa jimbo la Michigan aliishtaki kampuni hiyo akilalamika kwamba maelezo aliyoyaandika kitabuni kwa ajili ya masomo yake yalibaki hayana maana tena. Kesi ilimalizwa kwa maelewano mwaka uo huo, naye mwanzilishi wa Amazon, Jeff Bezos, akaomba radhi hadharani.

Hata hivyo, maswali yaliyoibuliwa na tukio hilo hayajapata majibu ya kuridhisha hadi leo. Mtu anaponunua kitu asichoweza kukishika mkononi, huwa amenunua nini hasa? Na iwapo kitu hicho kinaweza kunakiliwa mara milioni moja karibu bila gharama yoyote, aliyekibuni atalipwa kwa njia gani?

Kununua bila kumiliki

Sheria hutenganisha nakala na kazi. Anayenunua kitabu cha karatasi huimiliki nakala ile moja. Anaweza kuisoma, kuiazima, kuwarithisha wanawe au kuiuza kwa bei anayoitaka. Kazi yenyewe, yaani haki ya kuchapisha nakala nyingine, husalia mikononi mwa mwandishi au mchapishaji. Nchini Marekani kanuni hii ilitiliwa nguvu na Mahakama ya Juu mwaka 1908, ilipoamua kwamba mchapishaji hana mamlaka ya kumpangia bei mtu anayeuza tena kitabu alichokwisha kukinunua. Wachuuzi wa vitabu kuukuu katika barabara za Nairobi huendesha biashara yao kwa mantiki iyo hiyo. Hakuna anayempigia simu mwandishi kuomba ruhusa kabla ya kuuza riwaya iliyokwisha kusomwa na watu wanne.

Faili ya kidijitali hutazamwa kwa jicho jingine. Kitufe huandikwa neno "nunua", ilhali katika masharti marefu ambayo wengi huyakubali bila kuyasoma, kampuni hueleza kwamba inatoa leseni tu, na kwamba leseni hiyo inaweza kukoma. Mnamo Aprili 2019 kampuni ya Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kidijitali. Ilipofika Julai, vitabu vyote vilivyonunuliwa humo viliacha kufunguka na wasomaji wakarejeshewa pesa. Duka la kawaida likifungwa, vitabu vilivyo katika rafu za wateja havifungwi pamoja nalo.

Kampuni moja ya Marekani, ReDigi, ilijaribu kuziba pengo hilo. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ikiwa mtu anaweza kuuza CD aliyochoka kuisikiliza, kwa nini asiuze wimbo alioununua katika duka la iTunes? Programu yake ilihamisha faili ya wimbo sehemu kwa sehemu huku ikiifuta kwa muuzaji. Capitol Records iliishtaki mwaka 2012, na mnamo Desemba 2018 mahakama ya rufani jijini New York ikatoa uamuzi ulioikatiza ReDigi tamaa. Majaji walisema kwamba faili haisafiri jinsi kitabu kinavyosafiri. Kila inapofika katika tarakilishi nyingine huwa nakala mpya imezaliwa, na kuzalisha nakala ni haki ya mwenye hakimiliki peke yake.

Huko Ulaya mambo yalikwenda upogo. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliruhusu leseni za programu za tarakilishi ziuzwe tena, lakini Desemba 2019 mahakama iyo hiyo ilikataa vitabu vya kidijitali viuzwe kwa njia hiyo katika kesi iliyoihusu kampuni ya Tom Kabinet ya Uholanzi. Mojawapo ya sababu zilizotolewa inafaa kutafakariwa: nakala ya kidijitali haichakai. Kitabu kuukuu hupauka, hukunjika na kuraruka, na kwa hivyo bei yake huwa ya chini. Faili iliyotumika kwa miaka kumi ni sawa na ile iliyotoka kiwandani jana, na soko la faili kuukuu lingelimeza soko la faili mpya.

Jimbo la California limechagua kushughulikia lugha badala ya umiliki. Sheria iliyoanza kutumika huko Januari 1, 2025, inamkataza mfanyabiashara kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali anayoweza kumpokonya mteja, isipokuwa kama amemweleza waziwazi kwamba anapewa leseni. Ni hatua ndogo. Haimpi mteja umiliki wowote, ila angalau inakomesha kumwambia kwamba anao.

Uhaba wa kubuniwa

Kiini cha mgogoro huu ni cha kiuchumi. Sahani ya pilau ikiliwa na mmoja haipo tena kwa mwingine. Wimbo hauna tabia hiyo, kwa maana mtu akiusikiliza haupunguzi kwa mwenzake, na tangu faili za kidijitali zije, kuugawa hakumgharimu mtu chochote. Wahenga walisema chema chajiuza, ila mtandaoni chema hunakiliwa kabla hakijauzwa. Maadamu bei ya bidhaa hutegemea uhaba wake, kitu kisichokwisha huelekea kuwa na bei ya sufuri, ingawa aliyekitunga alikesha na pengine kukopa ili kukikamilisha.

Ndiyo maana tangu kale wachapishaji na wasanii wametafuta namna ya kuuleta uhaba mahali usipokuwepo. Hakimiliki yenyewe, iliyowekewa sheria ya kwanza ya aina yake nchini Uingereza mwaka 1710, ni uhaba wa namna hiyo: karatasi na wino vipo, mtambo upo, lakini sheria inasema ni mmoja tu atakayechapa. Wasanii wa picha za kuchapwa hutumia mbinu nyingine. Huchapa nakala 50, kila moja wakaitia sahihi na nambari, kisha huliharibu bamba la kuchapia. Hakuna anayeona udanganyifu katika jambo hilo, kwani mnunuzi anajua idadi ya nakala na bamba kweli halipo tena.

Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ilileta kibandiko maalumu cha kubandikwa kwenye kanda na CD ili kutofautisha nakala halali na zile za maharamia. Kibandiko kilikuwa na maana wakati muziki ulipouzwa ukiwa umefungwa ndani ya kitu. Wimbo ulipohamia kwenye rununu, hapakuwa tena na mahali pa kukibandika.

Kampuni za kigeni zilijaribu kufuli. Apple ilipofungua duka la iTunes mnamo Aprili 2003 na kuuza wimbo kwa senti 99 za dola, kila faili ilifungwa isiweze kuchezwa ila katika vifaa vilivyoidhinishwa. Sony BMG ilivuka mpaka mwaka 2005, CD zake zilipogunduliwa kuwa zinapenyeza programu ya siri katika tarakilishi za wateja ili kuzuia unakili. Programu hiyo iliacha mlango wazi kwa virusi, na kampuni ikalazimika kuziondoa CD hizo sokoni. Yamkini kosa kubwa la kufuli hizi ni kwamba ziliwaumiza waliolipa. Aliyeiba wimbo alipata faili isiyo na kufuli yoyote, inayochezwa kokote. Mnamo Januari 2009 Apple ilitangaza kuziondoa kufuli katika nyimbo zake.

Mfano uliovuka mipaka yote ni wa kundi la muziki wa kufoka la Wu-Tang Clan la Marekani. Kundi hilo lilirekodi albamu yenye jina Once Upon a Time in Shaolin, likatoa nakala moja pekee, likaitia katika kisanduku cha nakshi na kuiuza mwaka 2015 kwa dola milioni 2. Mkataba ulisema muziki huo usiuzwe kibiashara hadi mwaka 2103. Mnunuzi alikuwa Martin Shkreli, mfanyabiashara wa dawa aliyechukiwa na wengi kwa kupandisha bei ya dawa muhimu, na ambaye baadaye alifungwa kwa makosa ya ulaghai. Serikali ya Marekani iliitwaa albamu hiyo na kuiuza mwaka 2021 ili kufidia deni lake. Iliangukia mikononi mwa PleasrDAO, kikundi cha wakusanyaji wa sanaa ya kidijitali, kwa dola milioni 4.

Yaliyofuata ni kichekesho chenye funzo la kiuchumi. Mwaka 2024 PleasrDAO ilimshtaki Shkreli ikidai kwamba alibaki na nakala za faili, na mahakama ikamwamuru azisalimishe. Mwaka huo huo kikundi hicho kilianza kuwauzia watu haki ya kuupunguza uhaba wenyewe: kila aliyelipa dola 1 alipunguza sekunde 88 katika muda wa kusubiri. Kwa hesabu hiyo, ili muziki huo uwe huru mara moja wangehitajika wanunuzi zaidi ya milioni 28. Kwa ufupi, uhaba ulitengenezwa ili uuzwe, kisha ukauzwa tena kwa wanaotaka uondolewe.

Cheti cha kipekee

Mwaka 2009 sarafu ya Bitcoin ilianza kutumika, nayo ikaleta wazo jipya. Badala ya benki moja kutunza hesabu, tarakilishi nyingi hutunza kwa pamoja daftari moja linaloonekana na wote, ambalo ni vigumu mno kulibadilisha baada ya kuandikwa. Daftari hilo ndilo blokucheni. Kwa mara ya kwanza kitu cha kidijitali kiliweza kuwa na mwenyewe mmoja bila ya kuwepo msajili mkuu. Haikuchukua muda kabla ya wasanii kuuliza kama picha nayo inaweza kuandikwa humo.

Mnamo Mei 2014, katika hafla iliyowakutanisha wasanii na wataalamu wa teknolojia jijini New York, msanii Kevin McCoy na mtaalamu wa programu Anil Dash walionyesha mfumo wa kusajili kazi ya sanaa katika blokucheni ili msanii aweze kuthibitisha kwamba ni yake na kuiuza. Muda wao ulikuwa mfupi sana. Kwa kuwa picha ilikuwa nzito mno kutoshea ndani ya daftari, waliandika humo anwani ya mtandaoni ya mahali picha ilipo. Dash alikuja kueleza mwaka 2021 kwamba njia hiyo ya mkato, iliyobuniwa kwa haraka, ndiyo iliyoendelea kutumiwa miaka saba baadaye na soko zima lenye thamani ya mabilioni.

Vyeti hivyo ndivyo vilivyokuja kujulikana kama tokeni za kipekee, au kwa kifupi NFT. Mwaka 2017 kampuni ya Larva Labs iliunda vijipicha 10,000 vya nyuso, CryptoPunks, na kugawa bure vingi kati yake; baadhi viliuzwa baadaye kwa mamilioni ya dola. Kilele kilifika Machi 11, 2021. Siku hiyo mnada wa Christie's uliuza NFT ya kazi ya Mike Winkelmann, msanii wa Marekani anayejiita Beeple, kwa dola milioni 69.3. Kazi hiyo ni mkusanyiko wa picha 5,000 alizozichora moja kila siku kuanzia Mei 1, 2007. Mnunuzi alikuwa Vignesh Sundaresan, mwekezaji wa sarafu za kidijitali aliyekuwa akiishi Singapore. Winkelmann alilipwa kwa sarafu ya Ethereum na akaibadilisha upesi kuwa dola, jambo linaloonyesha alivyolielewa soko hilo kuliko wengi waliokuwa wakilisifu.

Afrika haikuachwa nyuma. Bingwa wa marathoni Eliud Kipchoge aliuza NFT za video za kumbukumbu za mbio zake mnamo Aprili 2021, naye msanii wa Nigeria anayejulikana kama Osinachi, ambaye huchora kwa kutumia Microsoft Word, programu ya kuandikia barua na ripoti, aliuza kazi zake katika mnada wa Christie's jijini London mwezi Oktoba mwaka huo. Ujumbe wa kwanza wa Jack Dorsey katika mtandao wa Twitter, alioufungua pamoja na wenzake mwaka 2006, ulinunuliwa kwa dola milioni 2.9. Dorsey alizitoa fedha hizo kwa GiveDirectly, shirika la misaada ya fedha taslimu lililoanzia kazi yake Kenya. Mnunuzi alipojaribu kuuza tena mnamo Aprili 2022 kwa dola milioni 48, zabuni za mwanzo hazikufika hata dola 300.

Ni muhimu kueleza kile ambacho wanunuzi hao walikipata, kwani hapa ndipo wengi walipopotoka. Katika kila muamala wa aina hii kuna vitu vitatu. Kuna faili, ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuipakua na kuitazama. Kuna hakimiliki, ambayo kwa kawaida husalia kwa msanii. Hata kazi ile ya dola milioni 69.3, hakimiliki yake haikumfuata mnunuzi. Na kuna cheti, yaani mstari ulioandikwa katika daftari la pamoja ukisema kwamba tokeni nambari fulani ni ya fulani. Anayenunua NFT, isipokuwa mkataba useme vingine, hununua hicho cha tatu pekee.

Watetezi wake hupenda kukifananisha cheti hicho na hatimiliki ya shamba. Mfano huo una upungufu. Hatimiliki ina nguvu kwa sababu nyuma yake kuna msajili, mahakama na polisi wa kumwondoa mvamizi, na Kenya, ambako kesi za hatimiliki mbili za shamba moja si habari ngeni, inajua kinachotokea mihimili hiyo inapoyumba. Blokucheni huthibitisha kwamba cheti hakijaghushiwa baada ya kuandikwa. Haithibitishi kwamba aliyekiandika alikuwa na haki ya kukiandika. Mnamo Januari 2022 OpenSea, lililokuwa soko kubwa zaidi la NFT, lilikiri kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vitu vilivyoundwa kwa kutumia kifaa chake cha bure vilikuwa vya wizi, bandia au takataka. Wasanii wengi walijua kuhusu NFT kwa mara ya kwanza walipokuta michoro yao ikiuzwa na watu wasiowajua.

Kikundi kingine, Spice DAO, kilinunua kwa euro milioni 2.66 mnamo Novemba 2021 nakala adimu ya kitabu cha michoro ya filamu ya Dune ambayo mwelekezi Alejandro Jodorowsky hakufaulu kuitengeneza. Kikatangaza mipango ya kukifungua kwa umma na kutengeneza filamu ya katuni. Ulimwengu ulikikumbusha kwa dhihaka kwamba kilikuwa kimenunua kitabu, si hakimiliki.

Isitoshe, cheti hutegemea mahali faili ilipohifadhiwa. Tamasha la muziki la Coachella liliuza mnamo Februari 2022 vyeti vilivyotoa nafasi ya kuhudhuria maisha yote, kupitia kampuni ya FTX. Novemba mwaka huo FTX ikafilisika, na waliovinunua wakajikuta hawawezi kuvifikia. Kufikia Septemba 2023, uchunguzi wa dappGambl uliotazama mikusanyiko 73,257 ya NFT ulionyesha kwamba 69,795 kati yake ilikuwa na thamani ya sufuri sokoni.

Mrabaha uliotoweka

Pamoja na hayo yote, NFT ilikuwa na ahadi moja iliyowagusa wasanii kwa dhati. Kwa karne nyingi mchoraji ameuza picha akiwa maskini kisha kuitazama ikiuzwa tena kwa bei mara mia bila yeye kupata hata ndururu. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1920 ya kumpa msanii sehemu ya kila mauzo ya baadaye, na Umoja wa Ulaya ukaifuata kwa agizo la mwaka 2001. Kenya nayo iliiingiza haki hiyo katika Sheria ya Hakimiliki kupitia marekebisho ya 2019, kwa kiwango cha asilimia 5 ya bei halisi ya mauzo. NFT iliahidi kulitimiza jambo hilo bila sheria wala ofisi: kila cheti kitakapouzwa, asilimia 5 au 10 ingemrudia msanii papo hapo.

Kwa takriban miaka miwili ahadi hiyo ilitekelezwa, na kuna wasanii waliopata riziki kwayo. Hata hivyo, wengi hawakujua kwamba mrabaha huo haukuwa umefungwa ndani ya cheti. Ulikatwa na soko, kwa hiari ya soko. Mnamo Oktoba 2022 soko jipya liitwalo Blur lilianza kazi likiwaruhusu wafanyabiashara kuupunguza mno, na walanguzi wakalikimbilia. OpenSea, likiona wateja wakihama, lilitangaza Agosti 2023 kwamba litaacha kuwalazimisha wanunuzi kuulipa. Kilichodaiwa kuwa kanuni isiyovunjika ya teknolojia kilikuwa desturi tu ya wenye maduka, na kilikufa siku wenye maduka walipoanza kushindania wateja. Haki ya Ufaransa ya mwaka 1920, yenye sheria nyuma yake, ingali inalipwa.

Malipo bila uhaba

Si kila aliyetafuta ujira mtandaoni alianza kwa kuuficha muziki wake. Oktoba 2007 bendi ya Radiohead ya Uingereza iliiweka albamu yake In Rainbows mtandaoni na kumwachia kila mtu alipe anachotaka, hata kama ni bure. CD yake ilipotoka miezi michache baadaye, iliongoza orodha za mauzo Uingereza na Marekani. Wakosoaji walisema, na kwa haki, kwamba Radiohead ilikuwa tayari imejengewa jina na kampuni kubwa ya muziki. Lakini tovuti ya Bandcamp, iliyoanzishwa 2008, imeonyesha kwamba hata wasio na majina wanaweza kuuza faili ambazo msikilizaji angeweza kuzisikiliza bila kulipa; tovuti hiyo hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali. Patreon, iliyoanza 2013, huwawezesha mashabiki kumlipa mtunzi kila mwezi ili aendelee kutunga. Katika mifano hii mnunuzi hulipia uhusiano na kazi ijayo.

Huduma za kutiririsha muziki zimefuata njia ya tatu. Spotify, iliyoingia Kenya Februari 2021, hukusanya ada na mapato ya matangazo katika kapu moja na kuyagawa kulingana na idadi ya usikilizaji. Kwa hivyo pesa za msikilizaji wa Mombasa anayesikiliza taarabu pekee huchanganyika na za mamilioni wengine, na sehemu kubwa huwaendea wasanii ambao hajawahi kuwasikiliza. Tangu 2024, wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi chochote katika kapu hilo. SoundCloud ilijaribu mfumo mbadala kuanzia 2021, ambapo pesa za kila msikilizaji huwaendea wale tu aliowasikiliza. Wimbo wenyewe ni ule ule na uhaba ni ule ule, yaani hakuna; kilichobadilika ni kanuni ya kugawa.

Asilimia za Skiza

Kenya ina mfano wake ambao haufanani na wowote kati ya hiyo. Kupitia huduma kama Skiza ya Safaricom, mteja hulipa ili anayempigia simu asikie wimbo fulani badala ya mlio wa kawaida wakati akisubiri. Wimbo wenyewe unaweza kupatikana bure mtandaoni. Aidha, anayelipa siye anayesikiliza. Anachonunua ni nafasi ndani ya simu, ambayo hakuna mwingine wa kuiuza ila kampuni ya simu. Nafasi hiyo ni adimu kwelikweli na haikuhitaji kubuniwa.

Huduma hiyo ilikuja kuwa tegemeo la wanamuziki wengi nchini, hasa wa nyimbo za injili, na papo hapo chanzo cha manung'uniko yasiyokwisha. Mapato yalipitia kwa kampuni ya simu, kisha kwa mawakala wanaosambaza nyimbo, na kilichomfikia mtunzi kilikuwa kidogo. Mvutano huo ulifika Bungeni kupitia mswada wa Gladys Wanga, aliyekuwa wakati huo Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Homa Bay. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2022 yakataja viwango kwa nambari: msanii au mwenye hakimiliki asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na wakala asilimia 8.5. Marekebisho hayo pia yaliweka msingi wa sajili ya kitaifa ya haki, ambamo mtunzi anaweza kuandikisha kazi yake kidijitali.

Ukilinganisha na ahadi za NFT, sheria hii haina mvuto wowote. Haizungumzii mapinduzi wala ulimwengu mpya. Inagawa shilingi moja katika mafungu matatu, na inamtambua wa kushtakiwa iwapo fungu la msanii litapunjwa. Kwa mtunzi wa Kisumu au Machakos, tofauti kati ya asilimia 52 iliyoandikwa katika sheria na asilimia 10 inayotegemea hiari ya soko lililo ng'ambo ni tofauti ya karo ya shule.

Serikali nayo imejitengea fungu. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya wakazi wa Kenya wanaochuma kutokana na kazi za kidijitali mtandaoni. Sheria iyo hiyo ilitoza asilimia 3 kwa kila uhamishaji wa mali ya kidijitali, NFT zikiwemo, kuanzia Septemba 1, 2023. Kodi hiyo ya pili ilikatwa kwenye thamani yote ya muamala, ikimaanisha kwamba hata aliyeuza cheti kwa hasara, kama walivyouza wengi wakati huo, alitakiwa kuilipa. Ilifutwa na Sheria ya Fedha ya 2025, na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 10 unaotozwa kwenye ada za kampuni zinazoendesha biashara hiyo. Kodi ya asilimia 5 kwa watunzi iliachwa mahali pake.